Gesi ikishatoka, maji ya samadi yaende wapi?

Mtambo wa gesi ya samadi husifiwa kwa kumpa mfugaji mambo mawili kwa mpigo: moto wa kupikia na mbolea ya shambani. Lakini katika nchi kame kama Oman, swali zito huja baada ya jiko kuwashwa, nalo ni hili: yale maji meusi yanayotoka upande wa pili wa mtambo yaende wapi?

Makala haya yanalitazama swali hilo kutoka Qurayyat, wilaya ya pwani katika mkoa wa Muscat, takriban kilomita 80 kusini-mashariki mwa mji mkuu. Huko mitende na miembe hutegemea maji ya visima, mifereji na bwawa, maji ya kunywa hutengenezwa kutokana na bahari, na joto ni miongoni mwa makali zaidi duniani. Maji machafu yakimwagwa ovyo katika mazingira kama hayo, yana njia nyingi za kumrudia binadamu.

Swali hili linawahusu pia wasomaji walioko Afrika Mashariki. Mitambo ya bayogesi imejengwa Tanzania, Kenya na Uganda kwa miongo kadhaa sasa, na wazungumzaji wengi wa Kiswahili walioko Oman wana jamaa katika nchi hizo. Mtu aliyeona mtambo ukifanya kazi vizuri chini ya Mlima Meru anaweza kudhani kwamba utafanya kazi vivyo hivyo kando ya jangwa. Gesi itatoka, naam. Maji yake ndiyo yatakayomtaabisha.

Kinachobaki baada ya gesi

Ndani ya mtambo wa bayogesi, vijidudu visivyohitaji hewa huvunjavunja samadi iliyochanganywa na maji. Matokeo yake ni gesi ambayo kwa kawaida asilimia 55 hadi 65 yake ni methani. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dioksaidi, pamoja na kiasi kidogo cha gesi ya salfa yenye harufu ya yai viza.

Methani ni kaboni na haidrojeni tu. Naitrojeni, fosforasi, potasi na chumvi zilizokuwamo katika mavi na mkojo hazina njia ya kutoka pamoja na gesi hiyo, kwa hiyo karibu zote hubaki katika tope.

Aidha, naitrojeni hubadilika umbo. Katika samadi mbichi sehemu kubwa yake imefungwa ndani ya protini. Vijidudu huzivunja protini hizo na kuiachia naitrojeni ikiwa amoniamu, yaani amonia iliyoyeyuka majini. Mmea huinywa haraka, na ndiyo sababu mkulima aliyemwagia migomba yake tope la bayogesi huona majani yakikoza kijani baada ya muda mfupi. Hata hivyo, kilicho chepesi kwa mzizi kukinywa ni chepesi pia kupotea, ama hewani ama ardhini.

Tope likichujwa, sehemu ngumu huondoka na kiasi kikubwa cha fosforasi na inaweza kukaushwa na kutiwa katika magunia. Sehemu ya maji hubaki na amoniamu, mara nyingi kati ya gramu 1 na gramu 4 za naitrojeni katika kila lita, kutegemea mnyama na chakula chake.

Ili kuelewa uzito wa tarakimu hizo, tuzilinganishe na sheria. Kanuni ya Wizara namba 145 ya mwaka 1993 nchini Oman, inayohusu kutumia tena na kumwaga maji taka, inataka naitrojeni ya amonia isizidi miligramu 5 kwa lita katika daraja la kwanza la matumizi, na miligramu 10 katika daraja la pili. Maji ya mtambo yenye gramu 2 kwa lita yamekipita kiwango hicho cha kwanza mara 400.

Kwa nini Qurayyat

Wilaya ya Qurayyat ina mabonde ya mito ya msimu, yaitwayo wadi, yanayoshuka kutoka milimani hadi baharini. Kubwa kati ya hayo ni Wadi Dayqah, ambako kulijengwa bwawa lililofunguliwa rasmi mwaka 2012, lenye kimo cha mita 75 na uwezo wa kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 100 za maji. Maji hayo ni tegemeo la mashamba ya chini ya bonde.

Maji ya kunywa yana chanzo kingine. Qurayyat ina mtambo mkubwa wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari kwa njia ya utando, wenye uwezo wa kutoa mita za ujazo 200,000 kwa siku.

Sasa tazama njia ambazo maji ya samadi yanaweza kuzifuata. Yakimwagwa juu ya mchanga na changarawe, amoniamu hugeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa naitreti, ambayo haishikwi na udongo na hushuka na maji hadi visimani. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasiwe na zaidi ya miligramu 50 za naitreti kwa lita, hasa kwa sababu ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga, ambao damu yao inaweza kushindwa kubeba oksijeni.

Yakiachwa katika bwawa lililo wazi, mvua kubwa inaweza kuyafagia. Juni 2007 kimbunga Gonu kiliipiga pwani hiyo, na Qurayyat ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya kwa mafuriko. Bwawa la samadi linalodumu miaka kumi bila tatizo linaweza kumwagwa lote kwa siku moja ya namna hiyo.

Yakifika baharini, huwa chakula cha mwani. Mwaka 2008 na 2009 mwani mwekundu ulitanda katika Ghuba na Bahari ya Oman, samaki wakafa kwa wingi na mitambo ya kuondoa chumvi ikalazimika kusimamisha kazi kwa muda. Matukio kama hayo huwa na sababu zaidi ya moja, na si haki kuutwika ufugaji lawama yote. Lakini pwani ambayo hunywa maji ya bahari haina sababu ya kuilisha bahari hiyo naitrojeni zaidi.

Hatua ya kwanza: kugandisha uchafu

Kazi ya kemikali huanza na uchafu mwembamba usiokamatwa na chujio. Chembechembe hizo zina chaji ya umeme inayozifanya zisukumane, kwa hiyo hazishikamani wala hazizami.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Ni shabu, ileile inayotiwa katika ndoo ya maji ya mto ili tope lizame. Shabu ina alumini, ambayo huifuta chaji hiyo na kuziacha chembechembe zishikamane. Kloridi ya chuma hufanya kazi hiyo pia, na zote mbili hukamata fosforasi iliyoyeyuka na kuizamisha. Baada ya hapo huongezwa kiasi kidogo cha kemikali yenye minyororo mirefu, inayoyafunga mabonge madogo kuwa makubwa ili yachujike kwa urahisi.

Mbegu za mlonge zilizosagwa nazo zina uwezo wa kugandisha uchafu. Nchini Sudan wanawake wamezitumia kwa muda mrefu kusafisha maji ya Mto Nile. Lakini maji ya samadi ni mazito mno kuliko maji ya mto, na kiasi cha mbegu kinachohitajika huwa kikubwa.

Hatua hii huyafanya maji yaonekane safi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Rangi imepungua, harufu imepungua, fosforasi imezama. Amoniamu imebaki karibu yote, kwa sababu haina chembe ya kugandishwa. Imeyeyuka kama chumvi katika mchuzi.

Chokaa, hewa na asidi

Njia ya kuiondoa amoniamu inategemea jambo moja la msingi. Katika maji yasiyo na magadi makali, naitrojeni hiyo hubaki imeyeyuka. Maji yakitiwa chokaa na kuwa makali zaidi, hugeuka kuwa amonia, yaani gesi inayotaka kutoka.

Kipimo kinachotumika ni pH. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, nusu ya amoniamu huwa imegeuka gesi pale pH inapofika 9.25. Katika nyuzi 40 mizani hiyo hushuka hadi takriban 8.8. Kwa maneno mengine, kadiri maji yanavyokuwa na joto ndivyo chokaa kidogo zaidi kinavyohitajika.

Hapo Qurayyat ina faida ya pekee. Mwezi Juni 2018 mji huo uliingia katika habari za dunia baada ya kupita saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku ukiwemo. Joto linalomnyima mtu usingizi huipunguzia kemia gharama.

Lakini joto hilohilo lina hatari yake. Bwawa la maji ya samadi lililoachwa wazi chini ya jua kama hilo litapoteza amonia hewani hata bila chokaa. Mwenye shamba ataona naitrojeni imepungua majini na kudhani kwamba tatizo limekwisha, ilhali amewapelekea majirani zake. Amonia huwasha macho na mapafu, na sehemu yake hurudi ardhini na majini isikotakiwa.

Kwa sababu hiyo mtambo uliopangwa vyema hupuliza hewa ndani ya mnara uliofungwa, ambamo maji yenye chokaa hutiririka kutoka juu. Hewa huibeba amonia na kuipitisha katika asidi ya salfuriki. Huko amonia hunaswa na kugeuka salfeti ya amonia, mbolea ambayo wakulima wa Tanzania huifahamu kwa jina la SA.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mita moja ya ujazo ya maji yenye kilo 2 za naitrojeni ya amoniamu itahitaji zaidi ya kilo 10 za chokaa, kwa kuwa chokaa nyingi huishia kupambana na kaboni iliyoyeyuka katika maji hayo. Kuinasa naitrojeni karibu yote kutahitaji kilo 7 hivi za asidi, na kutazaa takriban kilo 9 za mbolea ya SA. Chokaa hupatikana kuanzia Tanga hadi Tororo. Asidi ni jambo jingine, kwani huhitaji matangi maalumu, ulinzi na mfanyakazi aliyefunzwa.

Ni lazima kutoa tahadhari hapa. Asidi haimwagwi moja kwa moja katika shimo la samadi na mtu asiye na vifaa. Huchemsha povu la ghafla na kuifukuza gesi ya salfa iliyomo, ambayo ikiwa nyingi huua kwa pumzi chache. Denmark huongeza asidi katika samadi kwa makusudi ili amonia isiruke, lakini kazi hiyo hufanywa kwa mashine zilizobuniwa kwa shughuli hiyo.

Jiwe lililozaliwa na samadi

Kuna njia ya tatu, na historia yake inaanzia kwenye samadi. Mwaka 1845, wakati wa ujenzi wa kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Hamburg, mwanakemia Georg Ulex alichunguza fuwele zilizokutwa katika ardhi iliyokuwa na samadi ya ng'ombe ya zamani. Aliziita struvaiti, kwa heshima ya Heinrich von Struve, mwanadiplomasia wa Urusi katika mji huo.

Struvaiti ni fuwele inayojengwa na sehemu tatu zinazolingana: magnesi moja, amoniamu moja na fosfeti moja. Kwa muda mrefu ilijulikana kama kero. Katika miaka ya 1960 mtambo wa maji taka wa Hyperion mjini Los Angeles ulikuta mabomba yake yakizibwa na mawe hayo, na madaktari huyajua pia kama aina mojawapo ya mawe ya figo.

Baadaye wahandisi waliigeuza kero hiyo kuwa faida. Kama jiwe hilo linaziba mabomba, kwa nini lisijengwe makusudi katika tangi, likavunwa na kuuzwa? Struvaiti haiyeyuki upesi, haina harufu ya samadi, na humpa mmea chakula polepole. Hubebeka katika gunia hadi shamba la mbali, jambo ambalo maji ya samadi hayawezi kulifanya bila gharama kubwa ya lori.

Katika maji ya samadi, amoniamu ipo tele na fosfeti ipo. Kinachopungua ni magnesi. Na magnesi ndiyo bidhaa ambayo bahari inayo: kila lita ya maji ya kawaida ya bahari ina takriban gramu 1.3. Maji ya chumvi kali yanayobaki baada ya mtambo kutoa maji ya kunywa yana karibu maradufu ya hiyo.

Msomaji atakuwa ameshaona wazo lenyewe. Qurayyat ina mtambo unaorudisha baharini maji yenye magnesi kila siku, na mahali popote penye mifugo pana maji yanayoihitaji. Uchafu wa upande mmoja ni dawa ya upande wa pili. Kutumia maji ya bahari au mabaki yake kujenga struvaiti ni njia iliyojaribiwa katika maabara na mitambo ya majaribio ya nchi mbalimbali, na kikemia inafanya kazi.

Hesabu ndiyo inayoleta mashaka.

Chumvi haina pa kwenda

Turudi kwenye ile mita moja ya ujazo yenye kilo 2 za naitrojeni, na tuseme ina gramu 150 za fosforasi iliyoyeyuka. Kuigeuza fosforasi hiyo yote kuwa struvaiti kunahitaji takriban gramu 120 za magnesi, na kutatoa kilo 1.2 za fuwele. Fosforasi imeokolewa, na hilo ni jambo jema, kwani fosfeti ni mali inayochimbwa katika sehemu chache tu za dunia. Katika ukanda wetu huchimbwa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara.

Naitrojeni iliyoondoka ni gramu 68 tu. Kati ya gramu 2,000, zaidi ya 1,900 bado zimo majini. Mwenye kuuziwa mtambo wa struvaiti kwa madai kwamba utaondoa amonia yote anapaswa kujua kwamba itabidi anunue fosfeti nyingine nyingi ya kuongeza, au ajenge pia ule mnara wa chokaa na asidi.

Kisha kuna chumvi. Kupata gramu 120 za magnesi kutoka katika maji ya chumvi kali kunahitaji lita 50 hivi za maji hayo, nazo huingia na zaidi ya kilo 3 za chumvi. Katika mita moja ya ujazo, hiyo ni zaidi ya gramu 3 kwa lita, juu ya chumvi iliyokuwamo tangu mwanzo kutokana na chakula na mkojo wa wanyama. Kanuni ileile ya mwaka 1993 inaruhusu jumla ya gramu 1.5 au 2 za vitu vilivyoyeyuka kwa lita, kulingana na daraja.

Mtende ni mti mvumilivu wa chumvi. Mwembe si mvumilivu, wala ndimu, na mashamba ya Oman huipanda miti hiyo pamoja, chini ya kivuli kimoja. Maji yaliyosafishwa fosforasi kwa njia hii yanaweza kuliua shamba lilelile yaliyokusudiwa kulinywesha.

Njia mojawapo ya kupunguza tatizo hilo inajulikana na watu wa mwambao wetu. Katika mashamba ya chumvi ya Gongoni nchini Kenya au Bagamoyo nchini Tanzania, maji ya bahari hukaushwa na jua hadi chumvi ya kawaida iketi chini. Yale maji machungu yanayobaki juu yana magnesi nyingi na yameshaachana na sehemu kubwa ya chumvi ya mezani. Lita chache tu zingetosha mahali pa lita 50. Maji hayo huonekana kama taka, ilhali ni malighafi.

Hata hivyo, hakuna kemikali ya bei nafuu inayoondoa chumvi iliyokwisha kuyeyuka. Shabu huongeza salfeti, na kloridi ya chuma huongeza kloridi. Mwisho wa safari ni utando kama ule wa mtambo wa bahari, au bwawa la kukausha lenye sakafu isiyovuja, na hapo tena kuna mabaki ya chumvi yanayohitaji mahali pa kuhifadhiwa.

Somo la Afrika Mashariki

Je, wafugaji wa Afrika Mashariki wanaotumia bayogesi wanapaswa kuanza kununua asidi na chokaa? Kwa walio wengi, jibu ni hapana.

Tangu muongo wa 1980, kituo cha CAMARTEC mjini Arusha kimeendeleza mitambo midogo ya kuba iliyojengwa chini ya ardhi. Mwaka 2009 ulianza mpango wa ushirikiano wa bayogesi barani Afrika uliozihusisha Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Burkina Faso. Mitambo hiyo imekusudiwa familia yenye ng'ombe wachache wanaolishwa bandani, na shamba lililo jirani.

Katika mpango huo, shamba ndilo mtambo wa kusafisha. Migomba, majani ya tembo na mboga huinywa naitrojeni, mvua huisafisha chumvi, na mnyama hulishwa tena majani yaleyale. Kumwaga chokaa na asidi mahali hapo ni kumpokonya mkulima mbolea aliyoipata bure.

Hali hubadilika pale wanyama wanapokuwa wengi na ardhi kuwa haba. Machinjio ya Keekonyokie huko Kiserian, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, yalijenga mtambo wa gesi unaotumia damu na mavi ya tumboni mwa wanyama. Ni hatua ya kupongezwa, kwani uchafu wa machinjio ukielekezwa mtoni huumiza wengi. Lakini machinjio hayana ekari za migomba nyuma ya ukuta, kwa hiyo suala la maji yanayobaki huwa kubwa huko kuliko kwa mfugaji wa ng'ombe wawili.

Unguja ina sababu yake ya kuwa na tahadhari hata kwa mitambo midogo. Maji ya kunywa ya kisiwa hicho hutoka kwa sehemu kubwa ardhini, katika mawe ya chokaa na matumbawe yenye nyufa na mapango. Maji machafu hupita katika nyufa hizo upesi, bila kuchujwa vya kutosha. Kwa mantiki hiyo, mfugaji wa Unguja yu karibu zaidi na mwenzake wa Qurayyat kuliko na yule wa Arusha, japokuwa mvua za Unguja ni nyingi.

Ulaya ilijifunza somo hili kwa gharama. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha sheria ya naitreti, ambayo katika maeneo yenye hatari huweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka. Hicho ni kiasi kinachokaribia samadi ya ng'ombe wawili wa maziwa wa aina kubwa. Uholanzi, nchi ndogo yenye mifugo mingi, ilijikuta na samadi isiyo na ardhi, na ndiyo sababu imekuwa mstari wa mbele katika kuitenganisha samadi kwa kemikali na kuisafirisha kama mbolea.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Kwa hiyo kemia ina kazi yake, na kazi hiyo ni kuhamisha. Chokaa na hewa huihamisha naitrojeni kutoka majini hadi katika gunia la SA. Magnesi huihamisha fosforasi hadi katika fuwele. Shabu huihamisha hadi katika tope. Mahali penye ardhi na mvua ya kutosha, uhamisho huo hauhitajiki. Mahali penye mifugo mingi, ardhi kidogo na kisima kimoja, kutoufanya ni kukihamishia kisima chenyewe mzigo huo.

Mwenye shamba dogo katika wilaya kama Qurayyat ana hatua za kuchukua kabla ya kufikiria kemikali. Anaweza kupunguza maji anayooshea banda, ili maji ya kushughulikia yawe machache. Anaweza kulifunika bwawa lake na kuliweka mbali na kisima na njia ya wadi. Anaweza kuyamwagia maji hayo makuti ya mtende yaliyokatwakatwa na kuyaozesha kuwa mboji; kaboni iliyo nyingi katika makuti husaidia kuishika naitrojeni. Na anaweza kupima udongo wake, ajue mti unahitaji kiasi gani kabla ya kuumwagia.

Mwenye mradi mkubwa, awe Oman au Afrika Mashariki, anapaswa kumuuliza muuzaji wa mtambo maswali manne kabla ya kutia saini. Maji yanayobaki ni mita ngapi za ujazo kwa siku? Yana naitrojeni na chumvi kiasi gani kwa lita? Ni hekta ngapi zitakazoyapokea, na zina mimea gani? Na kemikali zitakazotumika zitaacha mabaki gani, na nani atayachukua?

Mara nyingi majibu ya maswali hayo hukosekana katika vitabu vya matangazo, ambavyo hujaa hesabu za gesi na umeme. Hesabu ya maji haina budi kuwekwa mezani siku hiyohiyo, kwa sababu gesi ikivuja leo fundi ataziba kesho. Naitreti ikishafika katika maji ya chini ya ardhi, hukaa huko miaka mingi, na watakaochota maji hayo huenda wakawa watoto ambao bado hawajazaliwa.